Siku tatu Wales na baba mkwe: masoko, maboma na milima (uzi mrefu, kaeni mkao wa kula)

Mkata Kona

Wakuu, salamu kwenu.

Baba mkwe alikuja kututembelea hapa Birmingham. Wiki ya kwanza tukamzungusha kwenye maduka makubwa, wiki ya pili akaanza kuulizia tarehe ya tiketi yake ya kurudi. Mzee ni dereva wa malori mstaafu. Kona za Mombo hadi Lushoto amezila zaidi ya miaka 30, halafu sisi tunampandisha ngazi za umeme na kumwonyesha viatu. Mke wangu ndiye aliyeona tatizo. "Baba mpe barabara," akasema. Nikabadilishana zamu na mwenzangu kazini, Jumatatu alfajiri tukawasha gari kuelekea Wales.

Njia tuliyopita: Ludlow, Welshpool, Dolgellau, tukalala. Harlech, Beddgelert, Pen-y-Pass, Llanberis, Caernarfon, tukalala. Conwy, Denbigh, Ruthin, Llangollen, nyumbani. Jumla karibu kilomita 500. Ukitaka unaimaliza kwa siku moja, ila utakuwa umeona lami tu.

Nashusha kwa vipande, nikipata nafasi kazini.

Kiazi Kitamu

Niko siti ya dirishani. Picha muhimu mkuu.

Mkata Kona

Picha anazo mama watoto, na karibu zote ni mzee amesimama na kondoo. Vuta subira.

Mkata Kona

SIKU YA KWANZA

Ludlow bado iko England, lakini ndiyo mlango wenyewe. Mji mdogo juu ya kilima, nyumba za mbao nyeusi na chokaa nyeupe zimeinamiana kama wazee wanaonong'onezana, na katikati kuna uwanja wa soko. Mwisho wa uwanja huo, hatua chache tu kutoka meza za jibini na matofaa, ndilo lango la ngome. Ngome ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, Wanormani, watawala wa England waliotoka Ufaransa, walipotaka kuwachunga Wawelisi, watu wa Wales, ng'ambo ya mpaka. Humo ndani ndimo alimofia Arthur, mtoto wa Mfalme Henry VII, mwaka 1502, kijana wa miaka 15, hata miezi mitano haijatimia tangu harusi. Mjane wake, Catherine wa Aragon, baadaye akaolewa na shemeji yake, yule Henry VIII, na talaka yao ndiyo iliyowakosanisha England na Papa. Haya yote nilimsomea mzee kutoka kwenye kibao. Hakuvutiwa sana. Yeye alikuwa anaangalia lango, anaangalia soko, anarudi kwenye lango.

"Hii si ngome," akasema. "Hii ni boma."

Nikamuuliza tofauti.

"Ngome ni ya vita. Boma ni la kodi. Mjerumani kwetu alijenga boma, soko akaliweka hapo chini ya dirisha lake. Ukileta kuku wako wawili, anakuona."

Wakuu, hilo neno lilitutawala safari nzima. Kila mji tulioingia, mzee alikuwa anapima kwa macho umbali wa soko na lango.

Kutoka Ludlow tukapita Stokesay, jumba lenye mnara na handaki ambalo mwenyewe hakuwa mfalme wala jemadari, bali tajiri wa sufu wa karne ya 13. Kumbuka hilo la sufu, maana huku kila kitu kinarudi kwa kondoo.

Welshpool tukaingia mchana. Ngome ya Powis ni ya mawe mekundu, imekaa juu ya bustani za ngazi ngazi, na miti mizee iliyokatwa kwa mkasi ikafura kama mawingu ya masika. Nzuri, sikatai. Ila ndani kuna vitu vilivyoletwa kutoka India na ukoo wa Clive, yule wa Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, likiwemo hema la Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyeuawa mwaka 1799 Waingereza walipouteka mji wake wa Seringapatam. Hema la kitambaa cha maua, zuri ajabu. Mzee akauliza kwa sauti ambayo watu wawili waligeuka: "Sasa hema la mtu limefikaje huku?" Bahati nzuri aliuliza kwa Kiswahili.

Mto Tana

😂😂 Mzee anauliza maswali ambayo watu huandikia vitabu.

Mzizi wa Mbuyu

Samahani mkuu, ila hii ya boma naona kama chai kidogo. Hao walikuwa Wazungu kwa Wazungu. Mfalme kajenga ngome kwenye nchi yake mwenyewe. Unalinganishaje na Mjerumani Usambara?

Mkata Kona

Mzizi, nitafika huko nikifika Conwy. Haikuwa nchi yake mwenyewe, hapo ndipo penyewe.

Ngoja kwanza nimalize siku ya kwanza, maana kisa chenyewe kiko mlimani.

Kutoka Welshpool barabara nzuri ya A458 inakwenda hadi Mallwyd, unashika A470, na ungeweza kufika Dolgellau umekunja nne. Lakini mke wangu alikuwa ameona kwenye ramani kibarabara kinachotoka Dinas Mawddwy kupanda Bwlch y Groes, mita 545, moja ya njia za lami zilizo juu kabisa Wales. Zamani kiwanda cha magari cha Austin kilikuwa kinaleta magari yake pale kuyajaribu kama yataweza kupanda. Mzee aliposikia hivyo, basi, safari ikabadilika.

Barabara ni upana wa gari moja. Upande mmoja ukuta wa nyasi, upande mwingine bonde. Pembeni, kila baada ya mwendo fulani, wameacha vijisehemu vya kupishania. Karibu na mwinuko mkali kabisa, kwenye kona, uso kwa uso na trekta lenye tela la kondoo. Jumatatu Welshpool huwa na mnada, huenda jamaa alikuwa anatoka huko.

Kanuni ya kawaida: aliye karibu zaidi na sehemu ya kupishania ndiye anayerudi nyuma. Aliye karibu ni mimi. Mita kama 80, kinyumenyume, kwenye mteremko, klachi inanuka kama tairi linaungua. Nikazima gari mara mbili. Hapo mzee akafungua mlango, akashuka, akageuka utingo. Nawaambia nilimwona anakuwa kijana. Mkono mmoja juu, mwingine unapiga bodi ya gari. "Njoo. Njoo. Kata kulia. Njoo. Nyoosha. Haya simama. Simama!" Tairi la nyuma lilikuwa limebakiza kama kiganja kufika ukingoni.

Mwenye trekta akapita, hakuongea, akanyanyua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani. Mzee naye akanyanyua kidole kimoja. Madereva wakawa wameelewana.

Juu kabisa tukasimama. Hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme, upepo tu. Mzee alitandika koti, akaswali alasiri kando ya barabara, kondoo watatu wanamwangalia.

Kushuka akanipa somo moja nililolipuuza nilipokuwa najifunza gari: "Shuka na gia uliyopandia. Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia." Wenye kukimbilia kuiga njia hii, andikeni hilo.

Mto Tana

Utingo! Sisi Kenya tunamwita taniboi. Lakini kazi ni ileile, kupiga bodi na kupiga kelele.

Dada wa Zamu

Mimi niko Bangor, mwaka wa 9 sasa, nauguza huku. Nimecheka hadi wagonjwa wameuliza kuna nini. Mkata Kona, mkifika kwetu andika majina sawasawa tafadhali. Mlima mrefu kuliko yote Wales ni Yr Wyddfa, si Snowdon, na hifadhi yake ya taifa ni Eryri, si Snowdonia. Mamlaka ya hifadhi iliamua hivyo Novemba 2022, na wenyeji wanafurahi ukijaribu.

Mkata Kona

Nimepokea dada. Najaribu.

SIKU YA PILI

Dolgellau ni mji wa mawe meusi mazito chini ya mlima Cader Idris, mita 893. Hakuna rangi, hakuna mbwembwe, mawe juu ya mawe. Milima ya jirani ilikuwa na dhahabu, na tangu 1923 ukoo wa kifalme wa Uingereza umekuwa ukitumia dhahabu ya huku kwa pete za ndoa.

Asubuhi ndiyo tulipokutana na neno lililomsumbua mzee. Kwenye lami wameandika kwa herufi kubwa nyeupe: ARAF. Kona inayofuata, ARAF. Mzee kasoma madrasa, akanyamaza muda, halafu akauliza taratibu: "Mkwe, hawa wameandika Al-Aaraf barabarani?"

Nikamwambia ni Kiwelisi, maana yake "polepole".

Akawaza. "Al-Aaraf ni mahali palipoinuka, kati ya Pepo na Moto." Akachungulia bonde dirishani. "Wamepatia."

Kiazi Kitamu

Huyu mzee apewe uzi wake mwenyewe.

Mkata Kona

Hapo kwenye lugha nisimame kidogo, maana sikutegemea. Alama zote za barabarani ziko kwa lugha mbili, na Kiwelisi kinaonekana kigumu mpaka ukijaribu kukisoma kama mtu wa Tanga. "Dd" ni dh ya dhahabu. "Th" ni th ya thelathini. "Ch" ni kh ya kheri. "F" moja inasomwa v, mbili ndiyo f. Halafu kichwa cha neno kinabadilika kutegemea kilichotangulia: nchi ni Cymru, lakini karibu Wales ni "Croeso i Gymru", na ndani ya Wales ni "yng Nghymru". Waingereza wanalalamika kwamba hizo ni vurugu. Sisi tunaosema mti mrefu, miti mirefu, ukuta mrefu, kuta ndefu, tutashangaa nini? Na ile ng mwanzoni mwa neno, mwenye kusema ng'ombe tangu utotoni ameshavuka nusu ya mto.

Inayoshinda ni "ll" tu. Weka ulimi kama unataka kusema l, halafu puliza. Mzee alijaribu "Llanberis" akamrushia mke wangu mate shingoni.

Dada wa Zamu

Sahihi kabisa. Wagonjwa wangu wazee, dawa ikiwalevya, Kiingereza kinawatoka wanabaki na Kiwelisi peke yake. Ilibidi nijifunze. Hilo la ng' nilimwambia mwalimu wangu akashangaa.

Mto Tana

Ongezeeni hili. Karne ya 19 shule za Wales zilikuwa na kitu kinaitwa Welsh Not, kipande cha mbao anavishwa mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi. Anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake, anamkabidhi. Anayekutwa nacho jioni, viboko. Niliposoma hivyo nilishika kichwa. Shule yangu ya msingi, miaka ya themanini, tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, unavishwa ukisikika unaongea lugha ya mama. Mchezo ni uleule, hadi ile ya kumtega rafiki yako aropoke ili umpe yeye. Nilidhani mwalimu wetu mkuu ndiye aliyeubuni.

Mzizi wa Mbuyu

Hiyo sikuwa naijua. Sawa, naendelea kusikiliza.

Mkata Kona

Harlech. Ukitokea Barmouth unafuata bahari, mara mwamba, na juu ya mwamba ngome kama jino. Ni moja ya ngome za Edward wa Kwanza, mfalme wa England, iliyojengwa kuanzia 1283 chini ya fundi mkuu James wa St George. Zamani bahari ilifika chini ya mwamba, meli zikileta chakula wakati wa kuzingirwa, na ngazi 108 za kushukia bado zipo. Sasa bahari imejiondokea, pale palipoegeshwa meli kuna nyasi na reli. Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi mkubwa wa Wawelisi, aliiteka 1404 akaifanya makao yake, akanyang'anywa 1409. Baadaye, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya England, ngome hii ilikaa miaka 7 bila kusalimu amri, 1461 hadi 1468.

Mto Tana

Mtu wa Mombasa hapa siwezi kunyamaza. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kilichomaliza watu ndani ni njaa na maradhi kuliko mizinga. Miaka 7 ni mingi, nawapa heshima.

Mkata Kona

Hapo Harlech pia kuna mtaa unaitwa Ffordd Pen Llech. Mwaka 2019 Guinness waliutangaza kuwa mtaa wenye mwinuko mkali kuliko yote duniani, mwaka uliofuata wakaurudishia ushindi mtaa mmoja wa Dunedin, New Zealand. Mzee alisimama juu akasema, "Hapa hata bodaboda atakuambia ushuke utembee."

Beddgelert napita haraka: kijiji cha mawe, mito miwili, kaburi la mbwa Gelert. Hadithi ni kwamba mwana mfalme Llywelyn alimkuta mbwa wake ana damu mdomoni na kitanda cha mtoto kimepinduka, akamuua, ndipo akamwona mtoto mzima na mbwamwitu aliyekufa kando. Watu wanalia pale. Inasemekana mwenye hoteli mmoja wa karne ya 18 ndiye aliyeikuza hadithi na kaburi lenyewe ili apate wageni. Mzee alisema mwenye hoteli huyo angefaa kuwa mpiga debe wa stendi ya Mombo.

Halafu barabara inapanda Nant Gwynant, ziwa moja, ziwa la pili, hadi Pen-y-Gwryd, hoteli ambayo timu ya Everest ya 1953 iliitumia wakati wa mazoezi. Kutoka hapo ni Pen-y-Pass, na hapo nikaumbuka. Maegesho ni ya kukata nafasi mapema mtandaoni, mimi sikukata. Kijana wa getini akanigeuza kwa adabu kama ya imamu. Tukaishia kuutazama mlima kupitia dirishani, gari linatembea.

Dada wa Zamu

Pole. Kwa wengine: acheni gari Llanberis mpande basi la Sherpa. Au treni ya mlimani, inapanda tangu 1896, ila nayo kata tiketi mapema, na angalieni hali ya hewa. Juu kunaweza kuwa na upepo wa kuangusha mtu huku chini watu wanakula aiskrimu.

Mkata Kona

Yr Wyddfa ni mita 1,085. Nilipomwambia mzee hiyo namba akacheka kabisa. Lushoto mjini, sokoni pale, ni karibu mita 1,400. "Yaani mlima wenu mrefu kuliko wote uko chini ya meza ya mama muuza viazi?" Lakini wingu lilipofunguka dakika mbili hivi, ukaonekana ule ukingo mweusi umekatwa kama kisu, akavua kofia. Nilichelewa kuelewa. Mita hazisemi kitu. Hawa wanaanzia baharini, na hawana mti. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi: "Miti imekwenda wapi?" Kondoo wakuu. Kila chipukizi linalotokeza, kondoo analo.

Bonde la Llanberis ukishuka ni mawe yaliyoporomoka pande zote, na chini kabisa mlima mzima umechimbwa ngazi ngazi. Machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, Dinorwig, yalifungwa 1969.

Fundi Fyuzi

Mmepita juu ya kitu ambacho ningelipa kukiona. Ndani ya mlima huo kuna mtambo wa umeme wa Dinorwig, ulifunguliwa 1984, megawati 1,728. Usiku umeme ukiwa mwingi wanapandisha maji ziwa la juu, watu wakiwasha birika kwa pamoja wanayaachia yateremke, na umeme unaingia kwenye gridi ndani ya sekunde chache. Bwawa letu la Julius Nyerere ni megawati 2,115, lakini lile ni la kuzalisha, hili ni kama betri.

Dada wa Zamu

Na mawe hayo yana habari yake. Machimbo makubwa mengine, Penrhyn, karibu na kwangu, yalikuwa ya ukoo uliotajirika kwa mashamba ya miwa na watumwa wa Jamaika. Wafanyakazi waligoma 1900 hadi 1903, na kwenye madirisha ya Bethesda familia zilibandika karatasi: "Nid oes bradwr yn y tŷ hwn". Hakuna msaliti nyumba hii. Penrhyn Castle ambayo watalii wanaipenda si ya zamani hata kidogo, ni jumba la karne ya 19 lililovaa nguo za ngome, na fedha yake ndiyo hiyo, sukari na mawe.

Mkata Kona

SIKU YA TATU, na jibu la Mzizi

Tulilala Caernarfon. Asubuhi mitaani ni Kiwelisi kitupu, watoto wa shule, dereva wa basi, mwenye duka la magazeti. Na hapohapo juu yao imesimama ngome kubwa kuliko zote nilizoona, minara ya pembe nyingi, kuta zenye mistari ya mawe ya rangi mbili kama kuta za Konstantinopoli. Edward alitaka ionekane ya kifalme. Mwanawe Edward wa Pili alizaliwa humo 1284.

Sasa Mzizi. Wales ilikuwa na watawala wake. Wa mwisho mwenye nguvu, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata ndio zikaanza Conwy, Caernarfon na Harlech kwa mpigo. Conwy kulikuwa na monasteri alimozikwa Llywelyn Mkuu, babu yake. Edward akaihamishia mbali ili apate kiwanja. Halafu, na hapa ndipo mzee alipoona kabla yangu, hakujenga ngome peke yake. Alijenga ngome na mji wa soko, ukuta mmoja. Ukuta wa Conwy upo mzima, karibu kilomita 1.3, minara 21, unaupanda na kuuzunguka bure. Nyumba za ndani wakapewa walowezi kutoka England. Mwelisi wa shamba akalazimishwa kuleta ng'ombe wake na siagi yake kwenye soko la mji huohuo, alipe ushuru, jioni atoke. Kuwa mwenyeji wa mji, hapana.

Mzee alikuwa juu ya ukuta wa Conwy, anakula chapati tuliyotoka nayo nyumbani, aliposema: "Ukuta huu haukuzuia mtu kuingia. Ulitaka aingie kwa mlango."

Mzizi wa Mbuyu

Nafuta kauli ya chai.

Goma ya Juu

Jambo kwenu wote. Nafuata tangu mwanzo. Umesema mnapita Denbigh. Mulimuona yule?

Mkata Kona

Tulimwona ndugu yangu. Denbigh ni mji wa soko kama ile mingine, barabara kuu ya mteremko, magofu ya ngome juu. Mbele ya maktaba kuna sanamu ya shaba ya Henry Morton Stanley, iliwekwa 2011. Alizaliwa hapo 1841, jina lake John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, mama hakumtaka, akiwa na miaka 6 wakamtupa nyumba ya maskini St Asaph, mji wa jirani. Mwaka 2021 wakazi walipigishwa kura iondolewe au ibaki, wengi wa waliopiga wakasema ibaki.

Sanamu imenyoosha mkono, kama anamsalimia Livingstone pale Ujiji 1871. Mzee alimjua mara moja, ni somo la darasa la nne. Akamzunguka. Akaangalia nyuma yake, akaangalia kushoto, kulia, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Wapagazi wako wapi?"

Mke wangu akasema hawakuwekwa.

"Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji? Na mahema, na shanga, na nyaya, na bunduki? Peke yake?" Akampita, akakataa kupigwa naye picha. Picha pekee aliyoikataa safari nzima.

Mto Tana

Angalau mmoja jina lake linajulikana, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarudi Zanzibar. Alitembea na Burton na Speke, akatembea na Stanley, akatembea na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Aliyepewa sanamu hapo ni Stanley.

Goma ya Juu

Kwetu Kongo, huyo Stanley walimuita Bula Matari, kwa Kikongo ni mvunja mawe. Aliyafanyia kazi mashauri ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, akajenga vituo vya mto. Baadaye jina halikubaki la mtu mmoja. Serikali yote ya mkoloni ikawa Bula Matari, yule anayekuja kudai kodi na mpira, ni Bula Matari. Bibi yangu alikuwa akisikia gari la serikali anasema hivyo, hata wakati wa Mobutu. Niliposoma leo kwamba alikulia chini ya boma la mawe la mfalme mwingine, nimekaa kimya kidogo.

Mkata Kona

Sisi pia tulikaa kimya, mpaka Ruthin.

Kuhusu Ruthin kwa kifupi: mji mzuri, uwanja wa soko juu ya kilima. Glyndŵr niliyemtaja Harlech aligombana na bwana wa ngome ya hapa, jirani yake, chanzo kikiwa ardhi. Septemba 1400 akaja na watu wake akauchoma mji. Uasi wa miaka zaidi ya kumi ukaanzia kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mzee alisema mambo hayo anayajua, yeye mwenyewe ana kesi baraza la kata.

Kisha Horseshoe Pass, kona moja kubwa kama kwato la farasi, mita 417, halafu Llangollen, na mfereji wa Pontcysyllte unaopita hewani juu ya nguzo za mawe, mita 38 kutoka mtoni, boti zinaelea juu kama zimesahau sheria. Ni kazi ya mhandisi Thomas Telford, ulifunguliwa 1805. Mvua ikaanza, mzee akalala, tukashika A5 kurudi.

Kiazi Kitamu

Maswali ya kimaskini: leseni ya Bongo inaruhusiwa? Gari la otomatiki linatosha kwa milima hiyo? Na chakula mlifanyaje, mzee kama ni wa halali?

Mkata Kona

Leseni ya nyumbani unaendeshea miezi 12 tangu uingie. Kushoto kama kwetu, usukani kulia, na vipilefti ni vingi kuliko kwetu. Mijini na vijijini Wales tangu Septemba 2023 mwendo ni maili 20 kwa saa sehemu nyingi zenye nyumba, na kamera zipo, usiseme hukuambiwa. Otomatiki inatosha, ila kwenye mteremko iweke gia ya chini, usikae juu ya breki. Mafuta jaza miji mikubwa, sheli za milimani zinafunga mapema. Chakula tulibeba chapati, maharage na chupa ya chai, njiani tukila samaki na chipsi. Kondoo tuliwaona elfu, hatukula hata mmoja.

Dada wa Zamu

Mzee amesharudi?

Mkata Kona

Alirudi mwezi uliopita. Juzi mjukuu wake kanitumia picha ya bajaji yake pale Mombo. Mzee kampeleka kwa fundi rangi, nyuma wameandika ARAF, herufi kubwa nyeupe. Abiria wanadhani ni dua. Mzee hawasahihishi.